Esperar: Kitenzi cha Kungoja na cha Kutumaini

Kitenzi cha Kihispania esperar kina maana mbili ambazo sisi tumezoea kuzitenga: kungoja na kutumaini. Mfaransa anazo attendre na espérer. Mwitaliano anazo aspettare na sperare. Mwenye kusema Kilingala hutumia kozela anapongoja, na tumaini lake huliita elikya. Mhispania hakuona haja ya vitenzi viwili. Anayesimama kando ya barabara akitazama basi lisilofika hutumia esperar, na anayemwombea mgonjwa apone hutumia esperar vilevile. Tumejifunza jambo hili tukiwa tumevuka umri wa miaka hamsini, hapa Kasha, juu ya vilima vya komine ya Bagira, mahali ambapo Kihispania hakimpi mtu kazi wala cheo. Tulijifunza kwa sababu uuzaji wa kiwanja kimoja ulikuwa umefungamana na neno hilo.

Mama mmoja wa jumuiya yetu ana mtoto wa kiume aliyeondoka Bukavu miaka kadhaa iliyopita, akafika Hispania kwa njia ambazo hajamsimulia mama yake zote. Sasa yuko upande wa Almería, kusini-mashariki mwa nchi ile, ambako mboga hulimwa chini ya mapaa ya plastiki yaliyofunika nchi kwa maili nyingi, na ambako mikono ya Waafrika ni mingi. Ameomba hifadhi. Mwenye kuomba hifadhi Hispania hupewa kadi nyekundu, na baada ya miezi sita huruhusiwa kufanya kazi. Jibu lenyewe la ombi hukawia. Kijana anapopiga simu husema kwamba yuko sawa. Watoto walio mbali wako sawa siku zote, na mama zao wamekwisha kujua uzito wa neno hilo. Kwa hiyo ulipofika ujumbe kutoka kwa mama mmoja Mhispania wa parokia ya kule, anayemsaidia kijana katika mambo ya karatasi, mama yetu alituletea simu akisema kwamba huyu hana sababu ya kumficha kitu.

Ujumbe ulikuwa na sentensi tatu, baada ya salamu: Su hijo está esperando los papeles. Espera poder verla algún día. Aquí esperamos con él.

Kitenzi kilekile mara tatu. Binti wa mama yule alikuwa amekwisha kuuliza simu yake, na simu ikatoa Kifaransa papo hapo: mwanao anangoja karatasi, anatumaini kukuona siku moja, sisi hapa tunangoja pamoja naye. Si tafsiri mbaya. Lakini simu huchagua bila kumwambia mtu kwamba imechagua, na mama alihisi kwamba sentensi ya tatu ilikuwa na kitu kilichobaki ndani. Akatuuliza kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: “Mwalimu, ule mama anasema nini? Ni kungoya tu, ao kuko na tumaini?”

Swali lake halikuwa la kamusi. M23 ilipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango, na ndege za abiria hazikutua tena Kavumu. Fedha ikawa adimu hata kwa waliokuwa nayo. Mama huyu alikuwa na watoto wawili wadogo ambao karo yao haikulipwa, na alikuwa na kiwanja, parsele kama tunavyosema huku, alichokiweka kwa ajili ya yule wa Hispania ajenge siku atakaporudi. Mnunuzi alikuwa amepatikana naye alitaka jibu kabla ya Jumapili. Ikiwa karatasi zi karibu, kijana ataweza kutuma chochote, na kiwanja kitabaki. Ikiwa hazi karibu, heri kuuza wakati mnunuzi bado yupo. Hivyo ndivyo alivyopima, na hatukuona kosa katika hesabu yake. Tuliomba siku mbili.

Katika mafunzo ya ualimu tulipewa kanuni ambayo hatujaiacha: neno halifundishwi peke yake, hufundishwa ndani ya sentensi, kwa kuwa neno likisimama peke yake ni kama mtu aliyetolewa nyumbani kwake; huwezi kujua ni baba wa nani. Tukatafuta sentensi. Kamusi ndogo ya Kihispania na Kifaransa tuliyoazima, iliyokwisha kupoteza jalada, ilikuwa na mifano michache, na mwalimu mwenzetu mmoja aliyewahi kukisoma Kihispania kidogo alitusaidia kwa mingine. Siku ya kwanza jioni tulikuwa tumeona jinsi Mhispania anavyotenganisha maana zile mbili, kwa maana anazitenganisha, ila si kwa kubadili kitenzi.

Huzitenganisha kwa kile kinachofuata. Kikifuata kitu, ni kungoja: espero el autobús, nangoja basi. Akifuata mtu, hutanguliwa na kiungo kidogo a, na bado ni kungoja: espero a mi madre, namngoja mama yangu. Kikifuata kitenzi kingine bila kiungo, ni kutumaini: espero verla, natumaini kumwona. Lakini ukitia ile a katikati, espero a verla, tumaini linageuka kuwa kungoja: nangoja kwanza nimwone. Vivyo hivyo espero que venga ni kutumaini kwamba mtu atakuja, na espero a que venga ni kumngoja mpaka afike. Tofauti yote imekaa juu ya irabu moja, ambayo katika mazungumzo ya haraka mtu anaweza asiisikie.

Kuna jambo la pili, nalo lilitufurahisha kuliko la kwanza. Mfaransa akisema kwamba anatumaini mtu atakuja, kitenzi cha pili hukiweka katika wakati ujao, kana kwamba jambo limekwisha kuandikwa mahali. Sisi hufanya vivyo hivyo: natumaini atakuja. Mhispania hukiweka katika hali ambayo kwetu huishia na e, ile ya aje, aende, apone. Espero que venga, ukiifuata neno kwa neno, ni natumaini kwamba aje. Katika Kiswahili sentensi hiyo haisimami, na mwanafunzi akiiandika tungeipigia mstari mwekundu. Hata hivyo tuliikalia muda mrefu. Tumaini letu hutaja wakati ujao kwa sauti ya mwenye kujua, na tumaini la Mhispania huacha jambo likiwa ombi.

Nani atuambie lipi ni tumaini lenye nguvu zaidi? Sisi twaelekea upande wa Mhispania, ingawa tumelelewa katika “atakuja”. Wakati ujao una ahadi ambayo mnenaji hana uwezo nayo.

Kihispania chenyewe si kigeni kabisa kwa pande zetu. Wapo watu wa mjini waliookota maneno mawili matatu kwa wanajeshi wa Uruguay waliokuwa Bukavu pamoja na Umoja wa Mataifa mwaka 2004. Tena Kiswahili chote kina deni kwa jirani yake Kireno: meza, bendera, leso, na kasha, yaani sanduku, litokalo katika caixa ya Wareno, ambayo Wahispania huiita caja. (Hatusemi kwamba mtaa wetu umepata jina kwa sanduku; ni masikio tu yanayoona undugu.) Wareno nao wana esperar, kwa umbo lilelile na kwa maana zilezile mbili. Mabaharia wao walitushushia meza na sanduku, kitenzi hiki wakarudi nacho.

Labda hatukukihitaji, maana kungoja tulikuwa nako. Atakaye kujua namna za kungoja aje Kasha. Kuna kungoja kwa akina mama wenye vidumu vya njano kwenye bomba, wakati maji yanapotoka usiku wa manane au yasipotoka. Kuna kungoja kwa wagonjwa kwenye mabenchi ya hospitali ya Ciriri. Kuna kungoja kwa mwalimu aliyeajiriwa lakini jina lake halijaingia katika orodha ya malipo ya serikali, ambaye huulizia matrikile yake kila mwaka huku akila kile ambacho wazazi wamechanga. Hali hiyo twaifahamu kwa mwili wetu, na walimu wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu pia. Kiswahili kimeyapa mambo haya maneno kadhaa. Kungoja, ambako huku twasema kungoya, ni kubaki mahali mpaka kitu kije. Kusubiri kumetoka katika Kiarabu, kwenye neno la uvumilivu, ndiyo maana kusubiri na subira ni mama mmoja. Kutarajia ni kungoja kwa macho yaliyoelekea mbele. Kutumaini nako ni kwa Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kutulia moyo.

Tazameni basi. Mhispania amefungamanisha kungoja na tumaini, na Mswahili amefungamanisha kungoja na uvumilivu. Kwa neno lake esperar, Mhispania anauliza kuhusu kitu kinachongojwa. Kwa neno letu kusubiri, sisi twauliza kuhusu mtu anayengoja, kama ataweza. Hatudhani kwamba lugha moja imemshinda mwenzake hapa. Lakini kwa mama mwenye kiwanja tofauti hiyo ilikuwa kubwa, maana kumwambia “subiri” ni kumwomba nguvu, na yeye nguvu alikuwa nazo. Alichotaka kujua ni kama kuna kitu kinachokuja.

Wahispania nao hawakudanganywa na kitenzi chao. Wana methali isemayo el que espera, desespera: angojaye huishia kukata tamaa. Masikioni mwao ni mchezo wa maneno, kwa kuwa kukata tamaa ni esperar iliyotiwa kiambishi cha kuipindua. Sisi twasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na papo hapo, kwa mdomo uleule, subira huvuta heri. Wazee walituachia zote mbili bila kutuambia lini tutumie ipi.

Siku ya pili tulikuta maana ya tatu, ambayo mistari ya kwanza ya kamusi haikuitaja. Esperar ni pia kutazamia jambo ambalo mtu halitaki. Mhispania anayeona mawingu meusi juu ya mavuno yake huweza kusema kwamba ana-espera mvua ya mawe, na hakuna anayedhani kwamba anaitamani. Hapo hakuna tumaini hata chembe; kuna kujua tu kwamba kitu kinakuja.

Maana hii kwetu ina mahali pake. Mwaka 1996, huko Bugobe, si mbali na Bukavu, mabruda wanne Wahispania wa shirika la Wamaristi walikuwa wakiwahudumia wakimbizi kutoka Rwanda katika kambi ya Nyamirangwe, hasa kwa upande wa shule: Servando Mayor, Julio Rodríguez, Miguel Ángel Isla na Fernando de la Fuente. Mwezi wa Oktoba vita vilipokaribia walikuwa na nafasi ya kuondoka, wakaamua kubaki na wale waliowahudumia. Tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini Bukavu. Tarehe 31 kambi ilikuwa imekwisha kuachwa na wakimbizi. Mabruda walitoa habari kwa simu kwamba wamebaki peke yao, kwamba wanaweza kushambuliwa wakati wowote, na kwamba wasiposikika tena jioni ile, itakuwa ishara mbaya. Hawakusikika. Waliuawa siku hiyohiyo, nao wamezikwa Nyangezi.

Hatujui maneno ya Kihispania waliyoyatumia kwenye simu ile, wala hatutaki kuyabuni. Twafikiri tu kwamba mtu wa lugha yao, akiwa mahali pao, angekuwa na kitenzi kimoja kwa mambo yote matatu: kwa wakimbizi ambao huenda wangerudi, kwa Mungu, na kwa watu wenye silaha. Sisi tungehitaji vitenzi vitatu, na tungejua kila mara ni kipi tumekiacha.

Ukurasa uleule wa kamusi ulituonyesha njia ya kwenda kwa kitenzi kingine, aguardar. Hicho ni kungoja tu, bila tumaini kuingizwa ndani yake. Kimejengwa juu ya guardar, kulinda, kuweka kitu kisipotee. Angojaye kwa aguardar ni mlinzi, macho hayafumbi. Waganda, ambao lugha yao na yetu ni za ukoo mmoja, wamefika hapohapo bila kupitia Hispania: kwao okulinda ni kungoja, na kwetu kulinda ni kutunza mlango. Tulipoliona hili tulicheka peke yetu kama watoto waliookota sarafu.

Kisha tulifungua Maandiko, kwa kuwa ni kitabu pekee tulichoweza kukipata katika lugha zote tulizohitaji. Katika Isaya 40:31, mahali panaposema juu ya wale watakaopata nguvu mpya, Biblia ya Kiswahili ina kungojea, na ile ya Kihispania ina esperar. Kitenzi cha Kiebrania kilicho chini yake hubeba kungoja na kutumaini pamoja, kwa hiyo safari hii Mhispania hakupoteza kitu. Lakini katika Barua kwa Warumi 8:25 Mtume Paulo anaweka kutumaini na kungoja katika sentensi moja, kama mambo mawili. Hapo Kiswahili kinatembea bila shida: kutarajia, kungojea na saburi, kila kimoja mahali pake. Mfasiri wa Kihispania analazimika kumwita aguardar, asije akasema kwamba tukitumaini tunatumaini. Tulifurahi kuona kwamba hata tajiri wa neno moja huenda kuazima kwa jirani.

Baba Mtakatifu Fransisko, mtoto wa Buenos Aires, alipotangaza Jubilei ya mwaka 2025 aliipa hati yake jina la Kilatini, Spes non confundit, kutoka katika barua hiyohiyo kwa Warumi. Spes ni tumaini, na sperare ya Kilatini ilikuwa kutumaini, ndiyo mama wa esperar. Kungoja kuliingia baadaye, watu wa Hispania walipoanza kutumia kitenzi cha tumaini hata kwa mambo ya kila siku. Twawaza kwamba Papa huyu, aliyezungumza juu ya esperanza katika lugha ya mama yake, alisikia ndani yake la espera, kule kungoja, jambo ambalo sisi tuliosoma “Mahujaji wa Matumaini” hatukulisikia.

Mama alirudi Ijumaa. Sentensi ya kwanza haikuwa na shaka: está esperando los papeles, kitu kinafuata, ni kungoja, na karatasi hazijatoka. Ya pili vilevile: espera poder verla, kitenzi kinafuata bila kiungo, ni kutumaini, na siku haikutajwa. Tulimweleza hivyo kwa uwazi, maana mnunuzi alikuwa akimngoja, na kumpamba mtu kwa matumaini yasiyo na tarehe kungeweza kumgharimu karo ya watoto wake. Ya tatu, esperamos con él, haina kitu kinachofuata. Haina basi, haina mtu, haina kitenzi kingine. Hakuna kanuni inayoiamua. Tulimwambia kwamba mwandishi mwenyewe huenda hakuamua, na kwamba katika lugha yake hakulazimika. Tukaiweka kwa Kiswahili hivi: wanangoja pamoja naye, nao hawajakata tamaa. Ni maneno sita mahali pa Kihispania matatu, lakini hatukupata njia fupi zaidi isiyomnyang'anya nusu.

Alinyamaza kidogo. Akasema: “Kama ni kungoya tu, mi nilisha ngoya sana. Lakini wanangoya naye.” Akatia mkazo kwenye naye. Lile neno dogo con, ambalo katika siku zetu mbili za kamusi hatukulitazama hata mara moja, ndilo alilolichukua.

Jumapili alimpa mnunuzi jibu. Alimuuzia sehemu ya chini ya kiwanja, ile iliyo karibu na korongo, ambayo kila masika hupungua kidogo, na sehemu ya juu akaibakiza. Hakutuambia kama tafsiri yetu iliingia katika uamuzi huo, nasi hatukumwuliza. Karo ililipwa.

Kisha alitaka kumjibu yule mama wa Almería, na akataka kumjibu kwa sauti yake, si kwa maandishi yetu. Tulimfundisha maneno matatu: aquí también esperamos, hata huku tunangoja na kutumaini. Alirudia mara nyingi, binti yake akishika simu, na kila mara neno lilitoka likiwa na irabu zetu: esiperamosi. Hatukumsahihisha sana. Siku chache baadaye kijana alipiga simu. Ujumbe ulikuwa umechezwa mbele yake, akiwa bado na nguo za kazi, na aliuliza kwa kicheko ni nani huko Kasha aliyemfundisha mama yake Kihispania.